Kikao Kisichopiga Kura

Ukimuuliza mtu wa Kisii au Nyamira anasali wapi, jibu lake unaweza kulikisia kabla hajafungua kinywa. Wengi ni Wasabato. Kanisa hilo liliingia Nyanza Kusini mwaka 1906, lilipofungua kituo chake Gendia kando ya ziwa, na baada ya miaka michache likapanda mlimani hadi Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii. Wanaofuata ni Wakatoliki, ambao mapadre wao wa Mill Hill walijenga Nyabururu mwaka 1911. Walutheri walikuja baadaye kutoka Sweden, wakakaa Itierio. Halafu kuna makanisa ya Kipentekoste, ambayo siku hizi hayakosi kila penye soko. Mtu anaweza kuzaliwa Marani, akasomea Keroka, akafanya kazi kwenye majani chai ya Nyansiongo na kuzeeka bila kuingia hata mara moja katika nyumba ya ibada ya Marafiki, yaani Waquaker.

Hata hivyo Waquaker ni majirani zetu wa pande mbili. Kaskazini, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, ziko Vihiga na Kakamega, ambako kanisa hilo lina zaidi ya karne moja na ndilo lililojenga shule na hospitali ambazo majina yake kila Mkenya anayajua. Kusini-magharibi, katika Kaunti ya Migori, wako Waragoli waliohama kutoka Maragoli baada ya mashamba kuwa madogo mno, wakafuata ardhi hadi Kanyamkago na Suna. Walipohama walihama na kanisa lao, na leo Migori ina Mkutano wa Mwaka wa Bware, mmoja wa mikutano mikuu ya Marafiki nchini. Tena simulizi za wazee wa pande zote mbili zinasema Mogusii, babu wa Wakisii, na Mulogoli, babu wa Waragoli, walikuwa ndugu waliotengana wakati wa safari za kale kandokando ya ziwa. Sura hii, basi, ni habari za jamaa. Nimeiandika kwa sababu naamini jamaa hawa wanacho kitu ambacho Gusii inakihitaji sana, nacho si dhehebu jipya. Madhehebu tunayo ya kutosha.

Kitu chenyewe ni ukimya, na ukimya huo unahitaji maelezo, maana wengi wetu tunaujua ukimya wa aina mbili tu: wa darasani mwalimu akiingia na wa matangani.

Mkutano wa kimya wa Waquaker una sheria chache. Watu huingia wakaketi, viti vikiwa vimepangwa kwa duara au kwa safu zinazotazamana. Hakuna mimbari. Hakuna anayetangaza kwamba ibada imeanza. Huanza pale mtu wa kwanza anapoketi na kutulia. Muda wa kawaida ni saa moja. Ndani ya saa hiyo, yeyote anayehisi amepewa neno, awe mwanamume au mwanamke, mwenyeji au mgeni, husimama akalisema kwa ufupi na kuketi. Hajibiwi. Hapigiwi makofi, wala mtu hainuki papo hapo kumsahihisha. Neno lake huachwa litue, na mwenye lingine hungoja kwanza dakika kadhaa, akijiuliza kama anasukumwa na Mungu au na hamu ya kusikika. Ziko siku ambazo saa nzima hupita bila mtu kusema lolote, na hakuna anayeona kwamba ibada imeharibika. Mwishoni wazee wawili hupeana mikono, kila mtu akamsalimu aliye karibu naye, kisha yakaja matangazo kama katika kanisa lolote.

Msingi wake ni imani kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, na kwamba Kristo mwenyewe anaweza kumfundisha mtu moja kwa moja, bila kupitia kwa kasisi. George Fox alihubiri hivyo kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 1652 makundi ya watu waliochoshwa na kanisa la serikali yakaanza kumfuata. Serikali haikuipenda habari hiyo. Maelfu walifungwa. Mwaka 1666 Margaret Fell, akiwa gerezani, alitoa kijitabu kutetea haki ya wanawake kuhubiri, jambo ambalo makanisa mengi ya Kenya yanalibishania hadi leo. Ukishaamini kwamba nuru haichagui, huwezi tena kumwambia mwanamke anyamaze, wala mtumwa, wala kijana, wala mtu asiyejua kusoma. Ndiyo maana Waquaker hawana ubatizo wa maji wala meza ya mkate na divai. Wanasema ubatizo ni wa rohoni na kila mlo ni ushirika. Kwa Msabato aliyezamishwa mtoni mbele ya kanisa zima, na ambaye kabla ya Meza ya Bwana huinama akamwosha mwenzake miguu, hilo ni gumu kumeza, na sioni haja ya kumshawishi vinginevyo. Ninalotaka aone ni kwamba ukimya ule si utupu wala uvivu wa kuandaa mahubiri. Ni kusubiri, na wanaosubiri wanaamini kwamba lolote la maana linaweza kutokea kwa mtu yeyote aliyeketi humo ndani.

Sasa twende Vihiga, na hapa msomaji ajiandae kushangaa. Atakayetoka Kisii alfajiri ya Jumapili akidhani ataketi kimya na Waragoli atakuta kwaya. Atakuta mchungaji mwenye mahubiri marefu, akina mama wa umoja wa kanisa waliovalia sare, salamu kutoka kwa wageni wa mikutano mingine, sadaka, shuhuda, na nyimbo za Kilogooli na Kiswahili zinazosikika ng'ambo ya bonde. Huenda katikati ya ibada pakawa na dakika chache za kunyamaza. Huenda pasiwe nazo. Kenya ina zaidi ya Waquaker laki moja, karibu theluthi moja ya Waquaker wote duniani, na takriban wote huabudu hivyo. Wanaoabudu kwa ukimya mtupu ni vikundi vidogo sana; Nairobi kiko kimoja.

Sababu yake ni ya kihistoria. Waquaker wa Marekani walipohamia majimbo ya magharibi katika karne ya 19 walikumbwa na mikutano ya uamsho iliyokuwa ikiwasha moto makanisa yote. Kuanzia miaka ya 1870 mikutano mingi ya Indiana, Iowa na Ohio iliajiri wachungaji, ikaanza kuimba na kuita watu watubu mbele ya kanisa. Wale waliokuja kwetu walitoka katika tawi hilo. Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walikuja kwa reli mpya iliyokuwa imefika ziwani mwezi Desemba 1901, kisha wakapanda kwa miguu hadi Kaimosi, ambako walianzisha misheni yao tarehe 17 Agosti 1902. Waliiita misheni ya viwanda, kwa sababu walitaka mwongofu ajue kushika msumeno na patasi pamoja na Biblia, na mashine ya kupasulia mbao ya Kaimosi ilikuwa mahubiri ya namna yake. Emory Rees alikaa Vihiga, akajifunza Kilogooli, na pamoja na Joel Litu wakaanza kazi ya kuitafsiri Biblia. Wamisionari hao walikuwa watu wa uamsho. Mbegu waliyoipanda ndiyo waliyokuwa nayo, nayo haikuwa ya saa nzima ya ukimya.

Mwaka 1927 likatokea jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa historia ya dini nchini alijue. Huko Kaimosi, baada ya mahubiri ya Chilson juu ya Roho Mtakatifu, waumini walianza kuungama dhambi hadharani, kulia, kutetemeka na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni waliobaki baada ya Chilson kuondoka waliona ni fujo, wakawapiga marufuku. Waliokataa kuacha walitengwa, na kutokana nao likazaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, ambalo lipo mpaka leo. Binafsi naona kwamba waliofukuzwa walikuwa karibu zaidi na wafuasi wa kwanza wa Fox kuliko waliowafukuza. Wale Waingereza wa miaka ya 1650 nao walitetemeka wakiabudu, hata watu wakawapa jina la dhihaka la Waquaker kwa sababu hiyo, nao walifungwa kwa kusema bila ruhusa ya kasisi. Kanisa lililoanzishwa ili yeyote aweze kusema lilikuwa limejifunza, ndani ya miaka 25 ya kukaa Kaimosi, kumwambia mtu nyamaza. Huo ni ukimya wa aina nyingine kabisa, ule wa mwenye nguvu kumziba mdomo asiye na nguvu, na tusiuchanganye na ule ninaousifu hapa.

Kwa hiyo ukimya ule wa kwanza ulikwenda wapi? Haukufa. Ulihama kutoka ibada ya Jumapili ukaenda kuishi kwenye kikao cha shughuli za kanisa, na huko ndiko ningempeleka mgeni kutoka Gusii kabla ya kumpeleka penginepo.

Kanisa la Marafiki hupangwa kwa mikutano. Mkutano wa kijiji hukusanyika na mingine ikawa mkutano wa mwezi. Ya mwezi hukusanyika ikawa mkutano wa robo mwaka. Ya robo mwaka ikawa mkutano wa mwaka, ambao ndio mamlaka ya mwisho. Hakuna askofu. Kila ngazi ina karani, na karani ndiye mtu wa kumtazama. Kazi yake si kuamua wala kushawishi. Hufungua kikao kwa muda wa kunyamaza, akalitaja jambo lililopo: mabati ya paa, mchango wa karo ya yatima, vijana wawili wanaotaka kuoana, mzee wa kanisa anayedaiwa kutumia vibaya pesa za harambee. Watu husema mmoja mmoja, wakielekeza maneno kwa karani na si kwa mpinzani wao. Karani husikiliza akitafuta mahali ambapo kikao kizima kinaelekea. Akidhani amepaona, huandika palepale, mbele ya wote, maneno machache yanayosema kile anachoamini kimekubaliwa, kisha huyasoma kwa sauti. Akikosea, husahihishwa hapohapo. Maneno yale yakikubaliwa yamekuwa kumbukumbu ya kikao, na hakuna atakayekuja wiki ijayo na kumbukumbu nyingine mfukoni.

Kura hazipigwi. Hilo ndilo linalowatatiza wageni kuliko jambo jingine lolote, hasa sisi tuliokulia katika siasa za Kenya, ambako kushinda kwa kura moja ni kushinda na aliyeshindwa akalie nyumbani. Kwa Marafiki, watu 40 wakikubaliana na mmoja akasema moyo wake unakataa, karani hana ruhusa ya kumpita kwa wingi wao. Huwaomba watu wanyamaze. Wakati mwingine ukimya huo humlainisha yule mmoja, akasema: mimi sijaridhika, lakini sitaki kuwazuia, endeleeni. Wakati mwingine huwalainisha wale 40, wakagundua kwamba yule mama wa nyuma aliona shimo ambalo wao hawakuliona. Na mara nyingi jambo huahirishwa hadi mwezi ujao. Ni utaratibu wa polepole. Utamchosha mtu mwenye haraka, na nimesikia hoja kwamba kanisa linaloendeshwa hivyo haliwezi kujenga kitu. Hoja hiyo haina nguvu mbele ya Hospitali ya Kaimosi, Chuo cha Theolojia cha Marafiki kilicho hukohuko Kaimosi na Shule ya Kamusinga.

Siwezi kuusifu utaratibu huu bila kusema mahali uliposhindwa, na ulishindwa vibaya. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa mwaka 1946, Benjamin Ngaira akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuuongoza, na kwa muda ulikuwa mkutano mkubwa kuliko wote wa Waquaker duniani. Kisha ukaanza kupasuka. Mwaka 1973 Marafiki wa upande wa Mlima Elgon walijitenga. Mwaka 1979 ukazaliwa mkutano wa Kusini, mwaka 1987 wa Nairobi, na kuanzia hapo migawanyiko ikafuatana hadi leo ikawa mikutano ya mwaka zaidi ya kumi na tano. Baadhi ilikuwa kukua tu kwa kanisa. Mingi, hata hivyo, ilitokana na kugombania vyeo, mashamba ya misheni na magari, huku ukabila mdogo wa Mragoli na Mbukusu, wa huku na kule, ukipuliza makaa. Ndugu waliofundishwa kungoja hadi mtu wa mwisho akubali walipelekana mahakamani. Ninalojifunza hapo ni kwamba kunyamaza pamoja hakuna nguvu za uganga. Kunategemea watu waje wakiwa tayari kubadilishwa mawazo, na mtu aliyekwisha kula pesa za kanisa haji akiwa hivyo. Hata karani mwadilifu hawezi kuandika makubaliano ya watu waliokuja na hati za kiapo mikononi.

Lakini tazama kilichotokea nchi ilipokaribia kuteketea.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakatimuliwa makwao. Wakisii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walirudi Gusii na magunia ya nguo, wengine bila hata hayo. Mwezi Februari 2008, baada ya mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, kupigwa risasi Eldoret, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, na eneo la soko la Chebilat, ambako Wakisii na Wakipsigis walikuwa wakiuziana ndizi na maziwa kwa miaka, likawa uwanja wa mishale. Nyumba zilichomwa pande zote mbili za barabara.

Katika wiki zizo hizo, kuanzia tarehe 24 hadi 27 Januari, viongozi wa Marafiki kutoka mikutano mbalimbali ya mwaka, ile ile iliyokuwa imegombana na kutengana, walikutana Kakamega. Barabara hazikuwa salama. Walikuja na majeraha yao wenyewe, maana Waquaker nao walikuwa wamepiga kura kwa misingi ya kabila kama Wakenya wengine, na baadhi ya vijana wao walikuwa mitaani. Waliketi, wakasikilizana, wakanyamaza, wakawaandikia viongozi wa nchi barua ya kuwataka waache kiburi na waketi mezani. Kutokana na mkutano huo kikaundwa kikosi cha amani cha Kanisa la Marafiki, kilichopeleka chakula na blanketi kwa waliofurushwa, na chakula kilipokwisha kikapeleka kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa semina za kusikilizana, na zinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu humo ndimo ukimya wa Fox ulimofikia watu ambao hawakuwa Waquaker kabisa. Aina ya kwanza ina mizizi Marekani: mwaka 1975 wafungwa wa gereza la Green Haven, New York, waliwaomba Waquaker wawasaidie kuwafundisha vijana kuishi bila vurugu, na mafunzo waliyobuni pamoja yakaenea duniani. Aina ya pili ilibuniwa karibu na kwetu, Rwanda na Burundi, mwaka 2003, kwa ajili ya watu waliokuwa wameuana na bado wanachota maji kwenye chemchemi moja. Hukusanya watu wapatao 20 kwa siku tatu, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule. Huketi kwa duara. Siku ya kwanza wanajifunza kiwewe ni nini na kinamfanya nini mtu mwilini: kukosa usingizi, hasira za ghafla, kuumwa kichwa kusikokuwa na ugonjwa. Siku ya pili kila mmoja husimulia alichopoteza, na sheria ni moja: anayesimulia hakatizwi, hajibiwi, wala hadithi yake hailinganishwi na ya mwingine. Akimaliza, kimya. Siku ya tatu huchora miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mwingine wa kuaminiana, wakaandika mizizi na matunda ya kila mmoja. Halafu huongozana wawili wawili, mmoja akiwa amefungwa kitambaa machoni, mwenzake wa upande wa pili akimshika mkono asijikwae.

Semina kama hizo zilifanyika maeneo ya Turbo na Lugari, kati ya waliofukuzwa na waliowafukuza. David Zarembka, Mquaker Mmarekani aliyeishi Lumakanda hadi kifo chake mwaka 2021, alikuwa miongoni mwa waliozisukuma mbele. Hazikuwarejeshea watu mali zao. Kwa baadhi yao, lakini, zilikuwa mara ya kwanza kumsikia jirani wa kabila lile akimlilia mtoto wake.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jambo linaloniuma.

Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2008, miezi michache tu baada ya Chebilat kupoa, kundi kubwa la vijana lilipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kisii likiwatafuta watu waliotuhumiwa uchawi. Waliwaua 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wakongwe, na kuchoma nyumba zao. Ripoti za wakati huo zilieleza kwamba wanakijiji walidai kupatikana kwa daftari katika shule ya msingi, lenye kumbukumbu za kikao cha wachawi na majina ya watakaorogwa. Tafakari hilo. Daftari lisilosomwa hadharani, lisilo na karani, lisilotiwa sahihi, lisilopitishwa na kikao chochote, likatosha kuwachoma wazee wakiwa hai. Hapakuwa na mtu wa kusema moyo wake unakataa. Au alikuwepo, na hakupewa nafasi. Mwezi Oktoba 2021 ikarudiwa tena huko Marani: wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma ileile.

Kila mara serikali hupeleka polisi, wanasiasa hulaani, maaskofu na wachungaji hutoa taarifa. Yote ni sawa. Ila ukitazama jinsi mauaji hayo yanavyotendeka, utaona silaha ya kwanza ni haraka. Mtoto anaugua asubuhi, jina linatajwa mchana, petroli inatafutwa jioni. Mara nyingi nyuma ya jina hilo kuna shamba linalotamaniwa, na mwenye shamba ni mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Umati hauna nguvu ukilazimishwa kungoja hadi kesho. Umati haujui la kufanya pale mtuhumiwa anapopewa saa nzima ya kusema bila kukatizwa.

Wagusii wa zamani walilijua hili. Walikuwa na etureti, baraza la wazee wa ujirani, ambalo liliketi kusikiliza ugomvi wa mipaka, ng'ombe na mahari, na pande zote mbili zilisema kabla ya lolote kuamuliwa. Walikuwa na risaga, ambamo majirani walilimiana mashamba kwa zamu, na ni vigumu kumchoma mtu aliyekulimia juzi. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Wanawake hawakuwa na kauli kubwa katika etureti, na wachawi walituhumiwa hata wakati huo. Lakini ule uvumilivu wa kuketi hadi jambo liishe tulikuwa nao sisi wenyewe, na tuliuacha pale tulipoanza kudhani kwamba jambo ambalo halijaamuliwa leo limeharibika.

Nani anaweza kuurudisha? Naona ni makanisa yale yale tuliyonayo. Msabato ana Shule ya Sabato, ambamo watu wachache huketi pamoja kila wiki wakijadili lesoni, na ana makambi ya kila mwaka yanayokusanya vijiji vizima kwa siku kadhaa. Mkatoliki ana jumuiya ndogo ndogo zinazosali nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumba za wajane. Vikundi hivi tayari vina viti, ratiba na watu wanaojuana kwa majina. Kinachokosekana ni zile sheria tatu za Marafiki: asikatizwe anayesema, wingi usimpite mmoja anayekataa, na kilichokubaliwa kiandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla mtu hajatoka. Hakuna hata moja kati yake inayomtaka Msabato aache Sabato wala Mkatoliki aache ekaristi.

Na Marafiki wenyewe, hasa wa Bware walio karibu nasi, wasingoje kualikwa. Kanisa lao limezoea kuhubiri kwa Waragoli waliko Waragoli na kwa Wabukusu waliko Wabukusu. Watu waliojifunza kuwaketisha adui wawili Turbo wana deni la kuja Borabu na Marani, si kufungua tawi bali kufundisha duara.

Ombi langu la mwisho ni kwa chifu, mzee wa mtaa, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya anayesoma haya kati ya Kisii na Nyamira. Siku jina la mama mzee litakapoanza kupita midomoni mwa watu kijijini kwako, usiite mkutano wa kujadili kama yeye ni mchawi. Mpeleke mahali salama kwanza na upige simu polisi. Kisha waite majirani, wanawake wakiwemo, uwaketishe kwa duara, na uwaambie wanyamaze kwa dakika kumi kabla ya mtu yeyote kusema. Mwenye ushahidi aulete mchana, mbele ya wote. Usifunge kikao hadi umesikia mtu wa mwisho, hata kama giza litawakuta hapo.